Muulize Paroko: Ndoa, Mahari na Barua ya Jumuiya

Barua nyingi zilizoifikia safu hii mwezi huu kutoka mjini Kigoma, Ujiji, Buhigwe, Kasulu na Uvinza zimeuliza habari za ndoa au mambo yanayotokana nayo. Nimechagua tano, nimezifupisha, na majina nimeyaondoa. Zina shina moja. Waamini wengi wanadhani kuwa Kanisa linawadai mambo chungu nzima ambayo kwa kweli yanadaiwa na ndugu, majirani na kamati za harusi, na wakati huohuo yale machache ambayo Kanisa linayadai kweli yanapita bila kuangaliwa.

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi na baba watoto tunaishi Katubuka, huu ni mwaka wa 11, na Mungu ametujalia watoto wanne. Sote tumebatizwa na tuna kipaimara. Yeye anafanya kazi ya dagaa, mimi nina genge la nyanya. Kila nikimwambia twende tukafunge ndoa ananijibu tusubiri apate fedha ya harusi ya heshima, kwa sababu amewachangia wenzake wengi na hataki aibu. Wenzangu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanakwenda Komunyo, mimi nabaki kwenye benchi. Je, inawezekana kufunga ndoa bila sherehe? Na ni lazima kwanza nirudi kwetu? (Mama wa Katubuka)

Milele na milele, Mama. Inawezekana, na sherehe ya aina yoyote si sharti. Ndoa inafanywa na ridhaa ya mwanamume na mwanamke walio huru kuoana; hivyo ndivyo inavyofundisha kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Kanuni ya 1108 inaongeza kwamba ridhaa hiyo itolewe mbele ya askofu, au paroko, au padre au shemasi aliyepewa mamlaka hayo, pamoja na mashahidi wawili. Hakuna kanuni inayotaja ukumbi, keki, gauni jeupe, mshereheshaji, wala msafara wa magari yanayopiga honi kutoka kanisani mpaka Mwanga. Desturi yetu ya kuchagua wasimamizi ambao ni mume na mke wenye ndoa imara ni desturi nzuri na ninaitetea, maana hao ndio watakaowasikiliza siku mkigombana. Lakini kisheria nafasi yao ni ya mashahidi wawili, na hawalazimiki kununua sare wala zawadi ya friji.

Kuhusu fedha, kanuni ya 848 inamkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote kupita sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka aangalie daima kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Jambo hili si la Kigoma peke yake. Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, aya ya 294, alitaja wazi kwamba katika nchi fulani watu wanaishi pamoja bila ndoa kwa sababu kuadhimisha ndoa kunaonekana ghali mno kulingana na hali yao. Aliyekuwa Roma aliliona. Sisi tunaopokea kadi za michango kila wiki hatuna sababu ya kutoliona.

Hatua zenyewe ni hizi. Nendeni kwa katekista wa kigango chenu mkiwa wawili, mwambieni mnataka kuandaliwa. Kila mmoja ataomba cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia aliyobatizwa, hata kama anacho cha zamani kabatini, kwa sababu ndoa ya Mkatoliki huandikwa pembeni ya jina lake katika kitabu cha ubatizo, na cheti kipya ndicho kinachoonyesha kwamba hakuna ndoa nyingine iliyokwisha kuandikwa hapo. Mtahudhuria mafundisho, kisha kila mmoja atakutana na paroko peke yake na kuulizwa kama anaoa au anaolewa kwa hiari, kama anakubali ndoa ya mke mmoja na mume mmoja mpaka kifo, na kama kuna jambo lolote analomficha mwenzake. Msiyachukulie mahojiano hayo kama fomu ya kujazwa haraka, kwa maana hapo ndipo Kanisa linapodai kweli. Baadaye yatasomwa matangazo, kwa desturi Dominika tatu, na hilo linaendana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotaka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Mtaungama, na mtafunga ndoa katika Misa, hata ya asubuhi ya siku ya kawaida, watoto wenu wakiwa kiti cha mbele. Siku hiyohiyo mtapokea Komunyo.

Kwa kuwa mumeo ni mtu wa dagaa, najua kwamba usiku wa giza hayupo nyumbani na kwamba mbalamwezi ikiwaka vyombo hupumzika. Mwambie katekista awapangie mafundisho katika kipindi hicho. Mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wanaume ambao miaka yote walisema hawana nafasi walikuja darasani na wakamaliza. Nafasi hupatikana.

Swali lako la kurudi kwenu linahitaji busara. Vijana walioanza kuishi pamoja juzi na hawana mtoto huwa ninawaomba watengane mpaka siku ya ndoa. Kuwaondolea watoto wanne mama yao, au kuwahamisha shule kwa ajili ya miezi ya maandalizi, ni kuwapa adhabu wasiyostahili. Kaeni nyumbani, muishi kama kaka na dada kwa muda huo wa maandalizi, na Komunyo isubiri siku ya ndoa. Usiache kuja kwenye Misa kwa sababu ya kuona aibu kubaki kwenye benchi.

Pengine utasikia mtu akisema kwamba ninyi mmekwisha kuwa wanandoa kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Ni kweli kwamba kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawadhania kuwa mume na mke wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na watu, na dhana hiyo imewasaidia wanawake wengi mahakamani wasifukuzwe mikono mitupu. Lakini ni dhana ya kisheria inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Mbele ya madhabahu haichukui nafasi ya ridhaa.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Miaka yangu ya uparoko imenionyesha kwamba mwanamume anayesema hana fedha ya harusi mara nyingine anasema kweli, na mara nyingine anaogopa neno «mpaka kifo» na fedha ni mahali pa kujificha. Njia ya kujua ni rahisi: mwambie kwamba paroko amekubali kuwafungisha ndoa bila gharama ya sherehe, kisha msikilize atakachosema. Akikubali, njooni. Akitafuta sababu nyingine, usimlazimishe na usimtumie mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja, amtishe, kwa sababu ridhaa iliyotolewa kwa hofu haifanyi ndoa. Mlete tuzungumze, na kama hataki kuja, mimi nitamfuata mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki.

Padre, mimi ni baba wa binti wa miaka 24, tunaishi Buhigwe. Kijana amekuja kwa mshenga na barua ya posa, tukapatana mahari, akatoa sehemu. Nimesema ndoa isifungwe mpaka amalize. Sasa nasikia paroko wetu anasema anaweza kuwafungisha hata kabla mahari haijaisha. Je, Kanisa linadharau mila zetu? (Mzazi, Buhigwe)

Shikamoo, Mzee wangu. Kanisa halidharau mahari. Kwa jinsi ninavyoiona mimi, mahari inazifanya koo mbili zijuane kabla ya vijana kukaa pamoja, na kijana aliyetuma mshenga na barua ya posa amekuheshimu kuliko yule anayempigia binti simu ashuke barabarani na begi. Paroko mwenye akili hatapenda kufungisha ndoa ambayo baba mzazi ameikasirikia, na atakuja kwako kabla ya kutangaza chochote.

Hata hivyo anachosema paroko wako ni sahihi. Binti wa miaka 24 ni mtu mzima, na ridhaa ni yake. Kanuni ya 1071 inampa paroko sababu ya kusimama na kumwuliza askofu pale ambapo anayeoa au anayeolewa ni mtoto kisheria na wazazi wanapinga kwa sababu ya msingi. Kwa mtu mzima haisemi hivyo. Sheria ya nchi nayo, katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa, inasema kwamba ndoa iliyofungwa kihalali haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa.

Sasa angalia kinachotokea unapozuia. Vijana hawa wameshapatana, ukoo unajua, sehemu imeshapokelewa. Ukiifunga njia ya kanisani hawatakaa kila mmoja kwao wakisubiri ng'ombe wa mwisho apatikane. Wataanza kuishi pamoja, atazaliwa mtoto, na baada ya miaka utakuwa babu wa watoto wa uchumba sugu, ukiwa umepata ng'ombe na kumkosesha binti yako sakramenti. Ushauri wangu ni kwamba deni libaki deni. Liandikwe, mshenga na wazee wa pande mbili washuhudie, kijana apewe muda wa kulilipa, na ndoa ifungwe. Waha waliotutangulia walilipana mahari kwa awamu, na undugu haukufa.

Padre, mimi ni msichana Mkatoliki wa Ujiji na mchumba wangu ni Mwislamu. Tunapendana na familia zetu zinajuana tangu zamani. Yeye anasema tufunge ndoa msikitini kisha tuje kanisani tubariki, ili kila upande uridhike. Inafaa? (Binti wa Ujiji)

Mwanangu, swali lako halishangazi katika mji ambao wafanyabiashara wa pwani walijenga nyumba zao karne ya 19 na ambao wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, waliufikia Januari 1879. Ujiji nyumba moja ina mjomba anayekwenda msikitini na shangazi anayeimba kwaya, na wanazikana bila kuulizana. Undugu huo ni mali, lakini haujibu swali la ndoa.

Ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi kinachoibatilisha, kwa mujibu wa kanuni ya 1086, mpaka askofu wa jimbo atoe ruhusa ya kukiondoa. Ruhusa hiyo hutolewa, lakini kwa masharti ya kanuni ya 1125. Wewe utatamka kwamba uko tayari kuepuka hatari ya kuiacha imani yako, na utaahidi kwa moyo mnyofu kufanya yote uwezayo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mchumba wako haahidi, ila lazima aijue ahadi yako waziwazi na mapema. Nanyi wawili mtafundishwa makusudi ya ndoa na sifa zake ambazo hakuna anayeweza kuzikataa: ni ya mmoja kwa mmoja na haivunjiki.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, nami sitakuficha. Mchumba wako naye ana dini yake, na ndugu zake watatarajia watoto wafuate dini ya baba. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu huidhania ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo muulize maswali mawili sasa hivi, kabla ya kununua kitambaa: je, anakubali kutoka moyoni kwamba hataoa mke wa pili maisha yenu yote? Na mtoto wenu wa kwanza akizaliwa, siku ya saba, ambayo Waislamu humfanyia mtoto akika, itakuwaje nyumbani kwa mama mkwe? Akijibu kwamba mtaona mbele ya safari, jueni kwamba bado hamjawa tayari. Kijana mwaminifu wa dini yake anaweza kukujibu kwamba hawezi kukubali ubatizo wa watoto, na hilo nalo ni jibu la heshima, afadhali ulisikie leo.

Kuhusu kufunga mara mbili, hapana. Kanuni ya 1127 inakataza adhimisho jingine la kidini, kabla au baada, la kutoa au kurudia ridhaa ileile. Kama kuna sababu nzito inayozuia kufunga ndoa mbele ya padre, askofu ana uwezo wa kuondoa sharti hilo, ilimradi ridhaa itolewe kwa namna ya hadharani inayojulikana; lakini uamuzi ni wake, na unaombwa kabla. Ukienda msikitini kwanza bila ruhusa hiyo, mbele ya Kanisa utakuwa hujaolewa, nawe utasimama nje ya Komunyo mpaka jambo lirekebishwe. Ukipewa ruhusa na mkafunga ndoa, itakuwa ndoa halali kabisa, ingawa si sakramenti maadamu mwenzako hajabatizwa. Mlete mchumba wako parokiani. Atapokewa kama mgeni wa heshima, na hakuna atakayemshika mkono kumpeleka kwenye kisima cha ubatizo.

Padre, nataka kuoa dada Mkatoliki aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Wazazi wake walikimbia Kongo na hawana cheti chochote cha ubatizo. Parokia tumwandikie nani? (Kijana wa Kasulu)

Kama parokia aliyobatizwa inajulikana na inafikika, paroko wako ajaribu kuiandikia kupitia ofisi ya jimbo. Isipofikika, msikate tamaa na, nasema hili kwa msisitizo, asibatizwe mara ya pili ili tu apate karatasi. Kanuni ya 876 inasema kwamba pale ambapo hakuna mwenye kudhurika, ubatizo unathibitishwa na shahidi mmoja tu asiye na shaka, au hata kwa kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Mama yake mzazi, au msimamizi wake wa ubatizo kama naye yuko kambini, anatosha. Kwa kuwa Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, huenda alibatizwa akiwa humo humo, na kwa hiyo vitabu vya huduma ya kambi vitazamwe kwanza. Kuhusu kuwa huru kuolewa, ataapa mbele ya paroko pamoja na mashahidi wanaomfahamu tangu utotoni. Vibali vya Serikali kwa mtu mwenye hadhi ya ukimbizi ni jambo jingine, na linaulizwa katika ofisi za wakimbizi mapema.

Padre, mimi ni mwenyekiti wa jumuiya huku Uvinza. Kuna familia ambayo haijahudhuria sala za jumuiya kwa muda mrefu, haijatoa mchango wa ujenzi wa kigango, na wazazi hawana ndoa. Sasa wanataka barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe. Wanajumuiya wanasema tusiwape, wajifunze. Nifanyeje? (Mwenyekiti)

Mwenyekiti, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kukataa. Hasira ya wanajumuiya wako ninaielewa, kwa sababu wao ndio wanaobeba tofali na mchanga, na kanuni ya 222 inasema wazi kwamba waamini wanawajibika kusaidia mahitaji ya Kanisa. Baba huyo ana deni. Lakini anayeomba kubatizwa ni mtoto, naye hana deni la mtu.

Kanuni ya 868 inadai mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kwa halali: mzazi mmoja angalau akubali, na pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Haitaji mchango, na haitaji ndoa ya wazazi. Tumaini likikosekana kabisa ubatizo huahirishwa, wala haukataliwi, na wazazi huelezwa sababu. Kwa hiyo kazi yako ni kulipima tumaini hilo, wala si kukagua daftari la michango. Je, bibi wa mtoto anasali? Watoto wakubwa wanakwenda Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto cha parokia? Wamempata msimamizi anayefaa, yaani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, aliyepata kipaimara na Komunyo na anayeishi kwa kufuata imani, kama kanuni ya 874 inavyotaka? Msimamizi wa namna hiyo anaweza kuwa ndiye tumaini lenyewe katika nyumba ambayo baba na mama wamelegea.

Wakumbushe wanajumuiya kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji ili Kanisa liwe karibu na nyumba za watu. Nimeona mahali ambapo barua ya jumuiya imegeuka kuwa stakabadhi, na matokeo yake ni kwamba watu wanaiogopa jumuiya kama wanavyoogopa mkusanya ushuru, wanakuja tu wakiwa na mtoto wa kubatizwa au maiti wa kuzika. Kwa familia kama hiyo siku ya kuomba barua ndiyo siku pekee ambayo wamebisha hodi wenyewe, na mwenyekiti anayewafukuza hana uhakika wa kuwaona tena.

Andika barua. Iseme ukweli: kwamba wazazi wanaishi pamoja bila ndoa, kwamba hawajahudhuria kwa muda mrefu, kwamba msimamizi ni fulani na mwenendo wake ni huu. Paroko ndiye atakayeamua, naye atatumia semina ya wazazi kabla ya ubatizo kuwauliza habari za ndoa yao, na kama hakuna kizuizi atawaelekeza njia ileile niliyomweleza yule mama wa Katubuka. Baada ya ubatizo, ombeni sala ya jumuiya ifanyike nyumbani kwao juma linalofuata, mwende wengi. Mchango wa ujenzi umdai baba siku nyingine, mkiwa wawili tu.